Makalio ya Kuazima

Hamidu alikasirika kabla hajazaliwa. Shahidi ni mama yake, Mariyamu, anayesema mimba zake nyingine zilicheza, hii ilipiga mateke. Alipokuwa mtu mzima mwenye garaji yake kando ya barabara kubwa ya Rumonge, aliweza kugombana na boliti asubuhi nzima, akiitukania ukoo wake wote wa chuma. Wateja walimvumilia kwa sababu mwishowe boliti ndiyo iliyokuwa inaomba radhi.

Hasira ya wiki ile, hata hivyo, haikuwa ya boliti. Ilikuwa ya Emuje.

Emuje ni gari. Dogo, jekundu, la michezo, la Kiingereza la zamani: viti viwili tu, paa la turubai la kukunja, boneti ndefu kama pua ya mtu mwenye dharau. Mbele lina herufi mbili, M na G, na Rumonge nzima, waliofika shule kwa Kifaransa na waliopita nje ya geti la shule, wakazitamka "Emuje". Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua mawese alifunga duka lake akarudi kwao, akamwachia gari dereva wake, Mzee Zubeir, baba yake Hamidu. Mzee aliliendesha siku za Idi, kofia imeinama upande, na wanawe wawili walikalia kile kiti kimoja cha abiria kwa zamu: Mustafa mkubwa, Hamidu mdogo. Kiti kimoja, watoto wawili. Vita vilianzia hapo, na mpaka leo hakuna aliyesaini amani.

Mwaka ule wa matata, bunduki zilipolia, Hamidu alivukia Kigoma ukimbizini kama wenzake wengi. Aliporudi alikuta mambo mawili. Baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Na Emuje ilikuwa imekalishwa juu ya magogo uani, haina ekseli ya nyuma: ule mti wa chuma unaoshika magurudumu mawili, wenye difu, lile bonge la meno ya kugeuza nguvu kuwa mwendo, katikati kama tumbo la mjamzito, umechomolewa wote.

"Nani amechukua?" Hamidu aliuliza.

Mustafa alishusha macho kwa huruma. "Mudogo wangu, hapa mutaani nani iko na mashini ya kukata chuma?"

Hakutaja jina. Mustafa ni mtu wa dini, hasengenyi. Yeye anakushika mkono tu, anakufikisha mlangoni kwa msengenywa, anarudi zake nyumbani na thawabu.

Mlango ulikuwa wa Venanti, fundi wa kuchomelea, kijana wa Bugarama aliyeshuka mlimani zamani na kucheza mpira mmoja na Hamidu tangu mpira wenyewe ukiwa majani ya migomba. Hamidu alimkuta sokoni, kati ya wanawake wa ndagala, wale dagaa wadogo, akamwita mwizi kwa sauti iliyogeuza shingo za wavuvi huko ziwani. Venanti alikana mara moja. Kisha akaondoka, na urafiki ukaishia hapo. Jina lakini halikuondoka. "Venanti Mwizi" likabaki sokoni kama jina la kipaimara.

Ili Emuje isioze juu ya magogo, Hamidu aliifungia ekseli ya pikapu ya Kijapani. Ilikuwa pana mno. Magurudumu yalichomoza nje pande zote mbili kama miguu ya chura, na propela, ile fimbo inayotoka kwenye gia kuleta nguvu nyuma, haikufika hata kuisalimia. Gari liliweza kusimama, kutembea halikuweza. Watoto wa mtaa wakasema Emuje imevaa makalio ya kuazima, na kila Hamidu alipolisikia neno hilo alirusha spana. Spana nyingi za Hamidu ziko kwenye mapaa ya majirani.

Sasa Mustafa alikuwa ameneemeka. Alikuwa na mashine ya kukamulia mawese kule Gatete, na aliutaka ua ule kwa ajili ya mapipa yake. Akatangaza kwamba anakwenda Bujumbura kuleta kamiyo, lori la wanunuzi wa vyuma chakavu. Hamidu akatangaza kwamba kamiyo hiyo itabeba maiti kwanza. Walitangaziana hivyo siku nyingi, juu ya kichwa cha mama yao, mpaka siku moja Mama Mariyamu akaweka chini ungo wa mchele.

"Nimechoka," akasema. "Munanivuta huku na huku kama kitenge ya mukopo. Sikilizeni. Emuje ikitoka mu uwa hii kwa moto yake yenyewe, bila kusukumwa, mbele watu hawajaenda kuswali Ijumaa, iko ya Hamidu, na Mustafa asifungue tena kinywa. Ikishindwa, kamiyo ibebe, na Hamidu ndiye atafunga kinywa."

"Sawa, mama," Mustafa alisema papo hapo.

Ukiona kaka mkubwa amekubali haraka namna ile, hesabu vidole vyako.

Hamidu alipiga simu Bujumbura, akapiga Uvira, akapiga hadi kwa mtu wa Kigoma anayejua mtu. Ekseli ya Emuje haikuwepo popote. Alhamisi asubuhi alikuwa amekaa garajini akiitazama spana kama anayechagua paa la kuitupia, simu ikalia. Alikuwa Nestori, msimamizi wa mashine ya Gatete. Bosi yuko Bujumbura, injini imekwama, mawese yanachacha, na fundi si ni ndugu wa bosi? Nestori alikuwa mtu wa Kabonga, na umbeya wa Rumonge haukumfikia kule mashineni. Hakuna aliyemweleza kwamba ndugu hao wawili walikuwa wakisalimiana kwa meno.

Hamidu alikwenda. Kukarabati mashine ya adui kulikuwa na utamu wake: angeifanya kazi vizuri mno, kisha amkumbushe Mustafa mpaka kufa.

Injini yenyewe haikuwa na neno. Chujio lilikuwa limeziba, akalisafisha, ikaunguruma. Moshi, mvuke wa ngazi, yale matunda ya mchikichi, zinazochemka kwenye mapipa, mafuta mekundu mpaka kwenye kope za watu. Mkanda ulitoka kwenye injini ukaenda kuzungusha chuma fulani kilichofungwa juu ya magogo, nacho kikazungusha kinu kinachoponda zile ngazi. Chuma kile kilikuwa kimevaa koti la mawese lililoganda. Hamidu aliona kinatetemeka, akasimamisha injini, akakifuta kwa tambara apate kuona boliti.

Haikuwa boliti. Ilikuwa nati moja kubwa katikati, yenye masikio mawili kama popo. Magari ya watu wengine yanafunga gurudumu kwa nati ndogo ndogo nyingi. Rumonge nzima lilikuwepo gari moja tu lililofunga gurudumu kwa nati moja yenye masikio. Na sikio la kushoto la nati hii lilikuwa limepinda. Hamidu alilipinda mwenyewe akiwa mtoto, kwa nyundo ya baba yake, na kipigo alichokipata kwa ajili ya sikio lile bado alikikumbuka kwenye masikio yake.

"Nestori," akasema polepole. "Hii chuma mulitoa wapi?"

"Hiyo? Bosi alileta mwenyewe, ule mwaka wa kukimbia. Iko na nguvu, fundi, usiseme! Mwanzo tu ilitusumbua, ilikuwa inazungusha kinu kinyume, inatutemea ngazi mu sura, mpaka tukai..."

Hamidu hakuwa anasikia tena. Ndani ya kichwa chake maji yalikuwa yanachemka kuliko mapipa. Alikuwa anaona soko, wanawake wa ndagala, uso wa Venanti. Alikuwa anasikia ile sauti ya huruma: mudogo wangu, nani iko na mashini ya kukata chuma? Akachukua spana. Kwa mara ya kwanza boliti zilitoka bila kubishana, nadhani zilimwogopa.

"We fundi! We fundi!" alipiga kelele Jessica, mama aliyekuwa akikoroga pipa kwa mwiko mrefu kama kasia. "Na mawese yetu yatakamuliwa na nani?"

"Na Mustafa! Mwambieni ayakanyage kwa miguu, iko nayo miwili!"

"Bosi atasema tumeiba!"

"Mwambieni mwizi amekuja kuibiwa!"

Akaipakia ekseli kwenye baiskeli ya mizigo, ile inayobeba ndizi, akaikodi pamoja na mwenyewe anayeisukuma, na njia nzima ya kutoka Gatete mpaka Rumonge alikwenda ubavuni akiiambia ekseli maneno ambayo yalimhusu kaka yake. Waliopishana nao walisema, maskini, kijana wa Mzee Zubeir, hatimaye.

Kulikuwa na tatizo. Watu wa kinu walikuwa wamekata vile vikalio vya chuma ambavyo springi za gari hukalia juu ya ekseli, ili ilale vizuri kwenye magogo. Vingine vilitakiwa kuchomelewa, na chuma kile kinene kilimtaka mtu mwenye mkono. Rumonge ilikuwa na mikono mingi ya kuchomea madirisha. Mkono wa kuchomea ekseli ulikuwa mmoja, na Hamidu alijua ni wa nani. Hilo nalo likamkasirisha.

Venanti alikuwa amechuchumaa juu ya geti la mtu, cheche zinaruka. Alipoona kivuli akainua kinyago chake cha kuchomelea.

"Amahoro," Hamidu alisalimia kwa Kirundi, kama mtu anayetema kokwa.

Venanti alizima mashine yake. Alitazama baiskeli. Alitazama ekseli. Akainama, akagusa sikio lililopinda.

"Ilikuwa wapi?"

"Gatete. Mu mashini ya Mustafa."

"Hm. Na mimi nilikuwa wapi?"

Hamidu alitazama pembeni. "Kesho mbele ya swala, mama ametoa amri. Hii inataka vikalio vya springi. Nimekuletea kazi."

"Umeniletea kazi. Hakuna kitu ingine umeniletea?"

Kitu kingine kilikuwepo. Kilikuwa kimekaa kooni kwa Hamidu kama mwiba wa samaki mukeke, hakipandi, hakishuki. "Niko na haraka," akasema.

"Jina yangu haikukuwa na haraka, sha." Venanti alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Hamidu alivyomkumbuka. "Iko sokoni mpaka leo, inaoza pamoja na ndagala. Mutoto wangu wanamwita mutoto wa mwizi. Mke wangu hanunui kitu sokoni ile, anatembea mpaka kwingine. Na wewe uko na haraka."

"Unachomea ao huchomei?"

"Nitachomea. Si kwa ajili yako, wewe nisingekuchomea hata jeneza. Nataka watu waone hiyo gari inatoka na ekseli yake, wajiulize ilikuwa wapi. Halafu nitakaa mu kiti ya mbele, utanipitisha sokoni, na utasema kwa kinywa ile ile, pale pale."

"Tutaona."

"Hapana kutaona."

"Sawa! Sawa basi! Sawa!" Hamidu alipiga kelele, kama mtu anayeporwa.

Mchana ule wakaingia chini ya Emuje, vichwa viwili vimekaribiana kuliko mioyo. Makalio ya kuazima yakatoka. Hamidu akayasukuma kwa mguu mpaka kwenye kona ya kuku. Wakaipandisha ekseli ya asili juu ya jeki, propela ikaingia mahali pake ikitoa mlio mdogo wa raha. Ukubwa ulikuwa ndiyo wenyewe. Magurudumu ya asili ya waya, yaliyokuwa yamebaki uani, yangekaa ndani ya mwili wa gari kama zamani. Bomba la breki za nyuma lilikuwa limeoza, wakaliziba, wakaacha za mbele zifanye kazi ya familia nzima. Ikabaki kuamua ekseli ikae vipi, wapi juu na wapi chini, ndipo vikalio vichomelewe.

Venanti alikuwa ameipangusa mafuta. Akaligeuza tumbo lile la difu kidogo huku, kidogo huku.

"Hamidu. Hii tundu ya kutilia mafuta imetobolewa na drili, si ya kiwanda. Na huku upande wa pili iko ingine, imezibwa. Mimi naona..."

"Wewe unaona nini? Wewe fundi geti. Mimi ndiye fundi gari hapa. Tundu ya mafuta inakaa upande wa juu, tangu Adamu. Iweke juu, uchomee."

"Ninachosema..."

"Sikukuita kwa maneno! Maneno niko nayo mengi, nayo yananitosha! Chomea!"

Venanti aliokota kishikio cha kuchomelea. "Fundi geti anachomea," akasema, akashusha kinyago. Kinyago cha fundi huficha mambo mengi.

Jua lilipoelekea Kongo walikuwa wamemaliza. Wakainua nyuma ya gari kwa jeki, wakaazima betri, wakawasha. Emuje ikakohoa kama mzee aliyeamshwa, ikakubali. Hamidu akatia gia. Magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani, mazuri, membamba, waya zake zinameremeta, na Hamidu akapiga ukelele mpaka kuku wakatoka kwenye kona. Nani hutazama gurudumu linazunguka kuelekea wapi? Likizunguka, watu husema alhamdulillahi. Venanti peke yake alilitazama, muda mrefu, akafungasha nyaya zake akaenda nyumbani.

Ijumaa Mustafa alifika na kamiyo yake, kanzu imenyooka, marashi yametangulia dakika nzima mbele yake. Alipoiona Emuje imekaa vizuri juu ya miguu yake, tabasamu likabaki peke yake usoni, halina mwenyewe.

"Nestori amenipigia simu," akasema. "Umeingia mu mashini yangu, ukaiba."

Majirani walikuwa wamejaa ukutani kama ndege.

"Nani? Mimi? Mimi ndiye nimeiba?" Hamidu alisogea mpaka pua yake ikanusa marashi. "Rudia, kaka. Rudia, mama asikie vizuri."

"Baba alikuwa anaumwa!" Sauti ya Mustafa ikapasuka, na kwa mara moja huruma yote ikamtoka, akabaki mtu tu. "Anaumwa, anakohoa damu, na wewe uko Kigoma unakula unga ya bure! Nani alimpeleka hospitali? Ile mashini! Ile ekseli ndiyo ilimnunulia dawa! Alijua! Yeye mwenyewe alisema toa, gari haina kazi, toa!"

Hamidu alipigwa na hilo. Lilimwingia mahali ambapo hakuwa ameweka mlinzi. Alimwona baba yake akisema toa, na mkono wake wa kizee ukipunga hivi, na yeye Hamidu hayupo. Kwa kitambo kidogo hasira ilikosa pa kukaa. Kisha ikapapata.

"Ungesema," akasema. Hakupiga kelele, na ilitisha zaidi. "Ungesema hivyo nilipokuuliza. Ningekubusu mkono. Kwa nini ulinipeleka kwa Venanti? Kwa nini uliniacha nimchinje mwenzangu mbele ya soko?"

"Mimi sikutaja jina ya mutu."

"Hukutaja! Hukutaja, eh? Mungu naye hatataja yako siku ile, ataonyesha tu kwa kidole!"

"Nyamazeni!" Mama Mariyamu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni pa jiko. Alikuwa akimtazama Mustafa kwa namna ambayo Mustafa hakuipenda. Haya ya ekseli na ya Venanti alikuwa hayajui. "Tutaongea, Mustafa. Leo hii tutaongea. Lakini amri ni amri. Hamidu, washa gari yako. Watu wanaanza kutawadha."

Emuje ilikuwa imeelekeza pua kwenye ukuta wa jiko, mgongo getini, kama Mzee Zubeir alivyoiegesha mara ya mwisho. Kazi ilikuwa ndogo: kurudi nyuma, kupita getini, kutokea barabarani. Mtoto angeweza. Hamidu aliingia, akawasha, akakanyaga klachi, akatia gia ya kurudi nyuma, akageuza shingo kutazama geti kwa fahari, akaachia.

Emuje ikaruka mbele, ikabusu jiko.

Lilikuwa busu la nguvu. Sufuria zilianguka ndani moja moja, kila moja na maoni yake. Mama Mariyamu aliinuka na kigoda. Ukutani majirani walilia kwa kicheko, na Mustafa akashika goti la kanzu yake akacheka mpaka akakaa kwenye kidato cha kamiyo.

Hamidu akatazama gia. Ilikuwa ya nyuma. Akaitoa, akaitia tena. Emuje ikabusu jiko mara ya pili, kwa mapenzi zaidi.

"Leteni minyororo!" Mustafa aliwaita watu wa kamiyo.

Hamidu akatoka. Alikuwa mweupe midomoni. Alitafuta cha kuvunja, akaiona taa ya mbele ya Emuje, akainua spana, na hapo, mkono ukiwa juu, sentensi ya Nestori iliyokatwa jana ikajimalizia yenyewe kichwani mwake. Ilikuwa inazungusha kinu kinyume, mpaka tukai...

Tukaigeuza.

Walikuwa wameipindua difu kichwa chini, ili kinu kizunguke watakavyo. Wakaziba tundu la mafuta la zamani, wakatoboa jipya. Na yeye, fundi gari tangu Adamu, alikuwa ameifunga vile vile, imepinduka, chini ya gari la baba yake. Sasa gia ya nyuma inakwenda mbele, na zote za mbele zinakwenda nyuma. Nestori alitaka kumwambia. Venanti alitaka kumwambia.

Akageuka. Venanti alikuwa ameegemea nguzo ya geti, mikono kifuani.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza!"

"Uliniambia ninyamaze. Mara ya kwanza nilisema ukweli sokoni, hukusikia. Jana nikasema tena, hukusikia." Akanyanyua mabega. "Mutu anachoka, Hamidu."

Minyororo ilikuwa inakokotwa uani. Huko msikitini mtu alikuwa anagongagonga kipaza sauti. Hamidu alisimama kati ya spana na taa, na kila kitu alichotaka kusema kilikuwa matusi, na hakuna tusi hata moja lililokuwa na mtu wa kulibeba isipokuwa yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote, haina paa la jirani.

"Sasa nifanye nini?" akafoka.

"Unaniuliza ao unanigombeza?"

"Nakuuliza! Huoni nakuuliza?"

"Tia ya kwanza," Venanti alisema.

Hamidu akarudi ndani. Mbele yake ulikuwa ukuta wa jiko wenye alama mbili nyekundu. Akatia gia ya kwanza, ile ya kuendea mbele, akafumba jicho moja, akaachia. Na Emuje ikarudi nyuma, laini kama mtu anayeondoka mbele ya mfalme, ikapita uani, ikampita Mustafa, ikapita nguzo za geti bila kuzigusa, ikasimama barabarani ikinguruma.

"Haikutembea sawa!" Mustafa alirukaruka. "Mama, hiyo imeharibika! Inaenda kinyumenyume! Si mumeona wote, imetoka kwa mugongo!"

Mama Mariyamu alikuwa na sufuria iliyobonyea mkononi.

"Ulitaka itoke kwa mbele, Mustafa? Ipitie mu jiko yangu?"

Ukuta wa majirani ukaanguka kwa kicheko, karibu wauangushe kweli. "Amri ni amri," mama akasema. "Imetoka kwa moto yake. Iko ya Hamidu. Na wewe hao watu wa kamiyo waambie warudishe minyororo, halafu uje hapa ndani, uniambie vizuri habari ya Venanti."

Hamidu hakushangilia. Alitaka kuondoka pale kabla hajarudi kumvunja mtu kitu, akatia gia ya pili, na Emuje ikaongeza mwendo kinyumenyume kushuka upande wa soko. Venanti akakimbia, akaruka mlango, akapiga magoti kwenye kile kiti cha abiria, uso nyuma, mikono kwenye turubai. Maana Hamidu hakuwa anatazama aendako. Shingo yake ilikuwa imekaza kutazama getini, kwa Mustafa, aliyezidi kuwa mdogo katikati ya barabara na kanzu yake nyeupe. Hiyo ni shida ya kuondoka kinyumenyume: unayemkimbia ndiye unayeendelea kumwona.

"Kulia!" Venanti alipiga kelele. "Kulia, baiskeli!"

"Naona!"

"Huoni kitu! Unamwona Mustafa! Kushoto sasa! Kushoto, Hamidu! Mwizi wako anakwambia kushoto!"

Hamidu akakata kushoto. Mzigo wa ndizi ukapita upande ambao kichwa chake kingekuwa. Akakata kulia alipoambiwa kulia. Akapunguza alipoambiwa punguza. Hakuwa na macho mengine ila ya Venanti, na kila mara neno lile, mwizi wako, lilipopigwa sikioni mwake, lilimchoma kuliko cheche za jana, na kila mara alitii.

"Simama. Ni hapa."

Breki za mbele zikalia kwa niaba ya familia. Walikuwa katikati ya wanawake wa ndagala, vumbi limeinuka, samaki wadogo wakimeremeta kwenye mikeka, watu wamesimama na vinywa wazi kutazama gari lililoingia sokoni kwa makalio.

Venanti aligeuka, akaketi vizuri, akaweka mikono magotini. Akangoja.

Hamidu alisimama juu ya kiti. Ule mwiba wa mukeke kooni ulikuwa bado upo. Alivuta pumzi, akatafuta sauti ya upole, hakuwa nayo, hakuwahi kuwa nayo, akatumia aliyokuwa nayo.

"Huyu mutu hakuiba!" akabweka. Mishipa ilimtoka shingoni. "Munasikia? Venanti hakuiba kitu! Hata nati! Aliyeiba ni ndugu yangu, na mimi mupumbavu nikamwamini, nikaja hapa nikabomoa jina ya mutu! Hakuiba! Atakayemwita tena mwizi, yeye ao mutoto wake, atanikuta mimi! Munasikia ao hamusikii?"

Nzi peke yao ndio walioendelea na biashara.

Kisha mama mmoja aliyeketi karibu na gurudumu la nyuma, kitenge kimejaa magamba, akapangusa vumbi la Emuje kwenye ndagala zake na kumtazama Hamidu kutoka chini.

"Tumesikia, baba," akasema. "Lakini sasa unatugombeza sisi kwa nini?"